Nimerudi nyumbani, ila nyumba ya kukaa ndo sikuwa nayo

Mimi mzaliwa wa Magomeni, Dar, kwa hiyo nikisema nimerudi nyumbani kila mtu anajua nipo Magomeni. Kumbe nipo Dodoma, mji ambao kabla sijaondoka 2013 kwenda Muscat, Omani, nilikuwa naujua kwa dirisha la basi tu, tunasimama watu wanachimba dawa, wengine wananunua zabibu, safari inaendelea.

Nyumba ya marehemu baba Magomeni ipo ila chumba changu kimeshatobolewa mlango wa barabarani kimekuwa fremu, mdogo wangu anauza soda na vocha humo, sasa nimfukuze aende wapi na ana watoto watatu? Dada yangu ofisi yao ilihamia huku serikali ilipohama Dar, akaniambia wewe njoo, watumishi wanapenda baibui nzuri na udi, leta mzigo wako wa Muscat tufungue duka. Nikapanda treni ya SGR, yani nimekaa nimekula karanga nimesinzia kidogo nasikia tunafika Dodoma. Zamani hiyo ilikuwa safari ya kutwa.

Kwa dada nilikaa wiki tatu, vyumba viwili, shemeji, watoto na mabegi yangu manne. Nikasema hapana, natafuta kwangu.

Sasa mimi miaka 11 Muscat nilizoea vingine. Mwenye nyumba wangu kule Al Khoud alikuwa bibi wa Kiomani mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, mkataba tumeenda kuusajili baladia, yani manispaa yao, na kodi nalipa mwezi kwa mwezi. Nikafikiri kama nimeweza kupanga kwenye nchi ya watu, kwetu itanishinda? Ilinishinda wiki mbili nzima.

Dalali wa kwanza nilimpata kwa simu, kabla hata hatujasalimiana vizuri anataka elfu 20 ya kuzungushwa, hiyo hairudi hata usipopenda nyumba. Ukipenda, mwezi mmoja wa kwake. Mwenye nyumba naye anataka miezi sita mbele. Piga hesabu, nyumba ya laki mbili na nusu unaingia na milioni moja na laki saba na nusu kabla hujanunua hata pazia. Binamu yangu yupo Nairobi analipa kila mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, nilivyomwambia alicheka mpaka nikakata simu.

Picha alizonitumia WhatsApp ni nzuri, tailizi zinawaka. "Dakika tano tu kutoka lami dada." Kumbe dakika tano za bodaboda, tena boda mwenyewe anakimbia, tumefika Nzuguni huko ndani upepo unavuma vumbi mpaka kwenye meno. Nyumba nzuri kweli ila bomba la jikoni nikifungua linakohoa tu. Dalali anasema maji yamekatika leo tu. Leo tu! Na ndoo zimepangwa foleni uani kama watu wa kliniki.

Iliyoniuma ni ya Ilazo. Dalali wa pili kanionyesha chumba, sebule, jiko na choo ndani, laki tatu, nikasema ntafikiria. Kesho yake dalali wa tatu ananipitisha njia nyingine kabisa, tunazunguka tunazunguka, tunatokea kwenye geti la bluu lile lile, na huyu anasema laki mbili na nusu. Nikanyamaza kimya. Alipotoka kupokea simu nikamfuata mama mmoja aliyekuwa anafua, nikamsalimia, nikamuuliza mama hapa kodi shingapi, akaniambia yeye analipa laki na themanini ila ameingia zamani. Af yeye mwenyewe ndo akaniambia mambo ambayo hakuna dalali angeyasema: maji yanatoka Jumanne na Ijumaa usiku, usipokuwa na simtenki utalia, mwenye nyumba hana shida ila hapendi muziki, na ile LUKU ya umeme kila chumba na mita yake. Dakika kumi za huyo mama zimenisaidia kuliko hela yote niliyowapa madalali, na sabuni yake ilikuwa inaishia povu ananieleza.

Mwenye nyumba ni mzee wa Kigogo, nikajitutumua, "Mbukwa, mzee." Akafurahi akajibu, halafu swali la kwanza, "Upo wizara gani?" Nikamwambia mimi biashara. Uso ukabadilika kidogo. Angekuwa mtumishi angemwachia miezi mitatu, wa biashara sita, mana biashara leo ipo kesho haipo. Akauliza mume yupo wapi, nikasema mzee huyo naye alikuwa wa miezi sita, hakurenew. Akacheka sana, tukakubaliana miezi minne kwa laki mbili na ishirini. Hela nilimpa mkononi mbele ya mjumbe na nikaandikiwa karatasi, hilo bibi wa Al Khoud alinifundisha, mtu hata kama ni mcha Mungu vipi muandikiane.

Cha kuchekesha nimenunua LUKU ya kwanza naona pesa imepungua, nauliza naambiwa hiyo ya kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi inakatwa humo humo. Jengo la mzee, nalipa mimi! Nimemwambia tutakatana kwenye kodi ya pango, kasema tutaongea. Bado hatujaongea.

Juzi Ijumaa ndo usiku wangu wa kwanza wa maji. Saa tisa nagongewa mlango, mama wa kufua, "We dada wa Omani, amka, yamekuja!" Nikatoka na kanga na ndoo mbili tu za kwangu na sufuria la pilau, wenzangu wana mipira mirefu wanajaza matenki huku wanapiga stori. Nilijaza mpaka birika.

Kwa hiyo kama kuna mtu huku Ilazo au Kisasa anahama na anauza simtenki la lita elfu moja, hata la zamani ili mradi halivuji, anicheki inbox kabla ya Jumanne.