Arosto iliporudi: nilivyomaliza dawa za TB nikiwa kwenye methadoni

Wiki ya pili ya dawa za kifua kikuu, mama alinikuta jikoni saa kumi usiku, nimejitanda khanga yake, natetemeka. Alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umerudi kule, baba?"

Nilimwambia sijarudi. Hakuniamini, na simlaumu. Alichokiona usiku ule alikuwa amekiona miaka kumi mfululizo: miayo isiyokatika, machozi na makamasi, vinyweleo vimesimama, miguu inajirusha yenyewe. Hiyo ni arosto, mwili ukidai unga uliozoea. Mama wa mtumiaji wa unga, yaani heroini, hahitaji daktari amwambie.

Lakini mimi nilikuwa nakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, kila siku, na kwa zaidi ya mwaka sikuwa nimekosa hata dozi moja. Naandika haya kwa ajili ya yeyote atakayejikuta pale jikoni, na kwa mama yake.

Nilianza na kokteli, unga uliochanganywa na bangi, nikiwa konda wa daladala. Baadaye sindano. Sitaki kukaa sana hapo. Wengi wetu hadithi ile ni moja. Tulishirikiana mabomba ya sindano kwa sababu kubeba bomba lako mwenyewe kulitosha kukukamatisha, na kuna wenzangu waliopata virusi vya Ukimwi na homa ya ini kwa njia hiyo. Methadoni ilipoanza kutolewa Muhimbili, Februari 2011, maskani kwetu Tandika habari ilifika kama uzushi: kuna dawa unakunywa mara moja kwa siku, bure, na arosto haiji. Mimi niliingia mwaka 2014, katika kliniki iliyokuwa karibu na kwetu.

Wapo wanaosema methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wangekuja dirishani saa moja asubuhi wakatuona. Unakunywa dawa ya maji mbele ya mhudumu, unaongea naye kidogo ahakikishe umemeza, unakwenda kazini. Unga ulikuwa unanishika saa chache tu, kisha nianze kutafuta kete nyingine. Methadoni inashika siku nzima na zaidi, na ukishafikia kipimo chako haikulewesha. Wakati ule hakukuwa na siku ya kupumzika: Jumapili, Idi, Krismasi, unakwenda. Kipimo changu kilikuwa miligramu 80, nami nilikuwa nimerudi kuuza spea za pikipiki kwenye duka la mjomba.

Halafu, mwaka 2016, nikaanza kukohoa. Wiki tatu, jasho la usiku, suruali zinanivuka. Nikapima makohozi, ikawa TB. Matibabu miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Sista wa kitengo cha TB alinieleza vizuri, hata akanitahadharisha nisishtuke mkojo ukiwa rangi ya machungwa. Hakuniuliza kama kuna dawa nyingine natumia. Nami sikusema. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, na neno methadoni ukilitamka mbele za watu umeshajiita teja.

Kama siku ya nane hivi, arosto ikaanza kunyemelea. Kwanza jioni sana, kabla ya kulala. Nikadhani ni TB yenyewe. Siku zilizofuata ikawahi zaidi. Nikaenda kumweleza mshauri pale kwenye kliniki ya methadoni, naye akanijibu kwamba kipimo changu hakijabadilika, kwa hiyo tatizo liko kichwani, na kwamba wapo wanaodanganya ili waongezewe. Nilitoka pale nimenyong'onyea. Siku mbili baadaye nilipita maskani, nikavuta. Kesho yake tena. Sikujidunga, lakini nilivuta, juu ya methadoni, huku mapafu yangu yana TB. Nalisema hili wazi kwa sababu aliyenisaidia alinitaka niliseme wazi.

Huyo ni dada mmoja mwelimishaji rika. Alikuwa anazunguka maskani na mkoba wake, anagawa mabomba mapya, anakusanya yaliyotumika, anapeleka watu kupima. Yeye mwenyewe alishatumia zamani. Aliponiona nimekaa pale na barakoa ya TB imening'inia kidevuni hakuuliza kwa nini nimerudi. Aliuliza, "Mdogo wangu, unameza zile dawa za kukojoa nyekundu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hujarudi. Dawa moja inaifukuza nyenzake."

Alikuwa ameliona hilo kwa mtu mwingine. Akaninunulia daftari dogo, akaniambia niandike siku saba: saa niliyokunywa methadoni, saa niliyomeza dawa za TB, saa miayo ilipoanza, saa mifupa ilipoanza kuuma, nimelala saa ngapi. Na kama nimevuta, niandike nimevuta. "Ukificha hilo, ukipimwa mkojo utasema, na hapo hakuna atakayeamini mengine."

Hili daftari ndilo lililoniokoa. Mtu akisema "naumwa" anabishiwa. Lakini daktari wa methadoni alipolifungua aliona kwa macho yake: siku ya kwanza nimekunywa saa mbili asubuhi, miayo saa kumi na moja jioni. Siku ya tano, miayo saa tisa alasiri. Dawa iliyopaswa kufika kesho yake asubuhi ilikuwa inaishia mchana. Alinyamaza, akauliza nameza nini, nikampa kadi ya TB. Akachora ini kwenye karatasi. Akanieleza kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hiyo hiyo inayobadilisha rangi ya mkojo, inalichochea ini livunje methadoni haraka kuliko kawaida. Kipimo kwenye kikombe ni kile kile, lakini kinachobaki mwilini ni kidogo. Haikuwa kichwani mwangu.

Nilimwomba jambo moja: amweleze mama. Akakubali. Kesho yake mama alikuja amevaa baibui lake la kutokea, akaonyeshwa ule mchoro wa ini. Hakusema kitu. Nje, tukisubiri daladala, alinishika mkono kama ninavushwa barabara nikiwa mtoto.

Wakaanza kuniongezea, miligramu 10 kila baada ya siku chache, si kwa pupa. Kila asubuhi kabla ya kikombe waliniangalia macho na kunisemesha. Ningekuwa nasinzia wasingenipa nyongeza. Nilikatazwa kabisa pombe na vidonge vya valiamu, kwa kuwa vikikutana na methadoni vinazima pumzi. Arosto ilianza kurudi nyuma: alasiri, jioni, usiku. Nilipofika 130 nililala hadi asubuhi. Kuvuta kukakoma kwenyewe, bila kiapo.

Tatizo lililobaki lilikuwa miguu. Asubuhi methadoni huku, kisha dawa za TB kule, nauli mbili, na mwili hauna nguvu. Dada yule na mimi tuliomba dawa zangu za TB zihamishiwe kwenye dirisha la methadoni, nizimeze palepale mbele ya mhudumu yule yule. Mtu ambaye lazima aje kila siku kwa methadoni hawezi kukuponyoka kwenye dawa za TB. Ilichukua wiki tatu, barua moja, na kukaa kwenye benchi siku nyingi kumsubiri aliyepaswa kusaini. Alisaini. Katika miezi iliyobaki sikukosa kidonge.

Sehemu ambayo watu wanaisahau ni mwisho. Ukimaliza rifampisini, ini linarudi taratibu kwenye mwendo wake wa zamani, na ile 130 iliyokuwa inakutosha sasa inakuwa nyingi mno. Unaweza kulala usiamke. Wiki mbili kabla ya kumaliza nilikwenda mwenyewe kumkumbusha daktari, na daftari langu mkononi. Safari hii niliandika usingizi: nimesinzia saa ngapi, nimeamshwa na nani. Walinishusha hatua kwa hatua hadi nikatulia kwenye 85.

Majuma yale dada alikuja nyumbani kumfundisha mama. Mtu akikoroma isivyo kawaida, midomo ikabadilika rangi, ukimtikisa haamki: usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa wala chumvi. Kama pumzi inakatika, mpulizie mdomoni. Akipumua mwenyewe, mlaze kwa ubavu. Mkimbize hospitali na useme wazi ametumia nini, wapate kumpa naloksoni, dawa ya kumrudisha aliyezidiwa na unga au methadoni. Mama alifanya mazoezi juu yangu, mkekani, mara tatu. Hatukuwahi kuyahitaji.

Mimi sasa nami nabeba mkoba. Ninachowaambia wanaoanza dawa za TB ni kwamba waitaje methadoni dirishani hata kama foleni inasikiliza, na wakiona aibu waandike kwenye karatasi waitelezeshe juu ya meza. Wanaotumia ARV, dawa za virusi vya Ukimwi, nao waulize. Efavirenzi na nevirapini, za zamani, zilikuwa zinaishusha methadoni vivyo hivyo. Dolutegraviri, ambayo wengi wanapewa sasa, haina tabia hiyo. Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo nakutana na watu wenye mafaili mawili katika majengo mawili yasiyojuana, na anayeyaunganisha ni mgonjwa mwenyewe, akiwa na homa. Kwenye kliniki yetu tulidai, na tukakubaliwa, kwamba faili la kila anayeanza dawa za TB libandikwe karatasi nyekundu mbele, na isibanduliwe hadi kipimo chake kishushwe.

Mwezi uliopita nilimkuta kijana maskani, anakohoa, amejikunyata juani. Alisema methadoni imemkataa. Nikamuuliza habari ya mkojo. Tulipanda daladala pamoja asubuhi iliyofuata, daftari lake halina hata kurasa mbili zilizojaa, lakini zilitosha. Jana wamempandisha 110. Anasema amelala.