Siku moja kwenye gereji ya matairi Nyakato, Mwanza: kashata nene, lakini za theluji

Saa 12:30 asubuhi

Kazi inaanzia kwenye kompresa. Kabla ya kuiwasha tunafungua koki iliyo chini ya mtungi na kutoa maji. Desemba hapa ziwani hewa ina unyevu mwingi, na maji yakibaki yanaingia kwenye tairi pamoja na upepo na kula ringi kwa ndani. Kisha tunapima upepo wa magari yaliyolala uwanjani, maana tairi likiwa halijatembea ndipo geji inaposema kweli. Gari lenye psi 33 (psi ndicho kipimo chetu cha upepo) asubuhi linaweza kusoma 38 likifika kutoka Magu saa saba mchana. Ukilipunguza hapo hadi 33, kesho likipoa utalikuta na 28 au 29, na linatembea limelegea.

Kibandiko cha upepo kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani yanaandika kwa kPa, yaani kilopaskali: 220 ni psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Anayesema "weka arobaini, nabeba mzigo" tunamwonyesha kibandiko kwanza, halafu tunabishana.

Saa 2:00 asubuhi

Inaingia Premio iliyotoka bandarini Dar es Salaam wiki hii, imeendeshwa zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. "Mwangaluka, fundi. Usukani unatetemeka kuanzia tisini, nifanyie balansi tu. Tairi ni mpya, cheki kashata hizo."

Kashata, yaani vipande vya mpira vilivyoinuka kwenye mgongo wa tairi, kweli ni nene. Tatizo liko juu yake: kila kashata imechanjwa mikato mingi myembamba ya zigizaga. Tairi la kawaida la lami lina mifereji mipana na mikato michache. Lenye mikato mingi namna hii kwenye kila kashata ni la theluji, na mikato hiyo kazi yake ni kung'ata barafu na kunyonya utando wa maji ulio juu yake.

Sasa tunasoma ubavu. Kuna neno STUDLESS kwa herufi kubwa, ambalo Wajapani huliandika wazi. Kuna picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. M+S (tope na theluji) peke yake isikutishe, hata matairi mengi ya magari ya juu yanayouzwa hapa yanayo. Kisha saizi: 195/65R15 91Q. Hiyo 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, na Q ni mwendo wa juu wa kilomita 160 kwa saa. Tairi la kawaida la saizi hii mara nyingi huwa na H, yaani 210. Ukiona Q kwenye gari dogo la kutoka Japani, chunguza mikato kabla hujalipa. Mwisho ni tarehe, tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT, au peke yake kwenye kiduara: 3816, wiki ya 38 ya mwaka 2016. Mpya gani hiyo?

Ndani ya mifereji kuna vituta vya aina mbili. Vile vifupi vinajitokeza kina cha mfereji kikibaki milimita 1.6, hapo tairi ni kipara na trafiki ana haki yake. Vile virefu, ambavyo kwenye ubavu vinaonyeshwa kwa mshale, vinajitokeza kashata ikiisha nusu. Kwa Mjapani, tairi lililofika hapo halifai tena kwa theluji, hata kama kwa jicho letu linaonekana lina miaka miwili mbele. Na mtu anayeuza gari mnadani haoni sababu ya kuliachia matairi yake mazuri. Ndiyo maana yanatufikia mengi.

Kwa nini Japani wanayo mengi kiasi hicho? Hokkaido, Tohoku na pwani ya Niigata hupata theluji nyingi mno, na mikoa yote isipokuwa Okinawa inakataza kuendesha kwenye theluji kwa matairi ya kawaida. Zamani walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ilichimba lami, vumbi likawaingia watu vifuani, sheria ikapitishwa mwaka 1990 na kuanzia 1991 yakaanza kupigwa marufuku. Bridgestone ilikuwa imeshatoa Blizzak, tairi la theluji lisilo na misumari, mwaka 1988. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye baridi. Mpakani huwa panatajwa nyuzi 7 za Selsiasi: chini ya hapo mpira wa tairi la kawaida unaanza kukakamaa na kuteleza, wa theluji bado unashika.

Mwanza nyuzi 7 hatuzijui hata alfajiri ya Julai. Mchana hewa ni 28, na lami iliyopigwa jua inapita 50. Mpira ulioundwa kubaki laini kwenye baridi, hapa unakuwa laini kupita kiasi. Ukikanyaga breki, kashata zile zenye mikato zinapinda kabla ya kushika, gari linasimama mbele zaidi. Ukikata kona ya Mabatini kwa kasi, usukani unajibu kwa kuchelewa. Mvua ikinyesha ni pabaya zaidi, kwa sababu lami ya moto yenye maji siyo barafu. Na linalika haraka: kwenye Premio hii kingo za kashata za mbele zimeshakuwa mviringo kwa safari moja tu. Pitisha kiganja kwenye mgongo wa tairi kwenda na kurudi. Upande mmoja laini, upande wa pili unakwaruza. Huo ndio ulaji wa kashata zinazopinda.

Isieleweke kwamba tairi la theluji linapasuka lenyewe. Linalopasua tairi ni upepo mdogo, mzigo kuzidi, uzee, na jeraha la ubavuni. Ila tairi laini, la miaka mingi, likiwa na psi 26, watu watano na magunia ya dagaa nyuma, linajichemsha haraka. Na likizeeka sana mpira hukauka na kupasukapasuka kati ya kashata, ukawa na tairi lisilofaa Hokkaido wala Igoma.

Balansi tumeifanya hata hivyo. Gurudumu la mbele kulia lilidai gramu 75 upande mmoja. Ikizidi 60 hatupachiki vizito vya risasi tu: tunatoa upepo, tunaachanisha tairi na ringi, tunalizungusha nusu duara, tunajaza na kupima upya. Likashuka hadi 30. Mtetemo ukapungua lakini haukwisha, maana tairi lililokaa miezi limekandamizwa sehemu moja uwanjani na melini huwa na bapa, na la zamani hivi halirudi lote.

Mteja ana hela ya mawili. Ushauri wetu ni kusubiri apate ya manne. Akishindwa, mapya yakae nyuma. Hapo ndipo ubishi unapoanza: "Gari inavuta mbele, nzuri si zikae mbele?" Mbele ikiteleza gari linaenda moja kwa moja na dereva akiachia mafuta linarudi. Nyuma ikiteleza kwenye mvua gari linageuka kuangalia lilikotoka, na madereva wengi hawawezi kulirudisha. Kwenye gari linalovuta magurudumu manne hatuchanganyi kabisa, vipenyo vikitofautiana gia ya kugawa nguvu inasagika ndani kwa ndani.

Saa 4:00 asubuhi

Pancha tatu za bajaji, daladala moja kubadilishiwa valvu. Kila valvu tunaipaka mate au sabuni na kuangalia kipovu. Tuendelee.

Saa 5:00 asubuhi

Noah ya 4WD, yaani inayovuta magurudumu manne. Mwenyewe ameinua kapeti la nyuma akakuta sanduku la plastiki lenye minyororo. "Bosi, huu ni wa kuvutia gari?"

Hapana, na asijaribu. Ni mnyororo wa theluji, pingili zake ni nyembamba na kulabu zake zimetengenezwa kushika tairi. Ukivutia gari lililonasa, kulabu inafunguka na kuruka, na inaruka usawa wa uso. Kuvutia kuna kamba yake.

Lakini anakwenda Ngudu kila wiki, na njia za huko zina udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa unajaza kashata zote, tairi linakuwa laini kama andazi na linazunguka palepale. Je, mnyororo utasaidia? Utasaidia pale ambapo chini ya tope kuna ardhi ngumu, kwa sababu pingili za kukata upana zinachimba na kuiondoa ile gundi. Tope lisilo na mwisho, gari limekaa kwa tumbo, mnyororo utachimba kaburi haraka zaidi.

Tumemfundisha uwanjani pakavu, maana usiku kwenye tope hakuna anayejifunza. Kwanza saizi: lebo ya sanduku lazima itaje saizi ya tairi lako, 195/65R15, siyo "inakaribia". Pili, magurudumu gani? Yanayovuta. Gari la mbele, mbele. La nyuma, nyuma. Noah hii 4WD yake imejengwa juu ya mfumo wa kuvuta mbele, hivyo mbele, na kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Yote mawili ya ekseli moja, kamwe moja.

Tandaza mnyororo chini unyooke, usiwe na msokoto hata mmoja. Ncha za kulabu ziangalie nje, zisielekee mpira, la sivyo zitachana ubavu. Upitishe nyuma ya tairi, vuta ncha mbili juu, unganisha kulabu ya ndani kwanza kwa kupapasa, kisha ushushe mnyororo ukalie mgongo wa tairi, ndipo uunganishe ya nje. Kagua kwamba umekaa katikati, ndani na nje sawa. Funga mpira wa kukaza kwa kugawa nafasi sawasawa kuzunguka ringi. Tembea mita 50 hadi 100, simama, kaza tena, kwa sababu utakuwa umelegea. Hatua hii ya kukaza tena ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoleta hasara: ncha iliyolegea inapigapiga ndani ya matigadi, inakata bomba la breki au waya wa ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki.

Mwendo wa minyororo ya chuma ni kilomita 30 kwa saa, usikanyage mafuta kwa ghafla. Ukifika lami, ondoa palepale. Kwenye lami pingili zinasagika hadi kukatika, na lami nayo inachimbika. Wale wanaopunguza upepo ili tairi lishike tope, wachague moja: tairi lililolegea linaulegeza mnyororo nao. Nyumbani uoshe, ukauke, upake oili kidogo.

Wapo wanaofunga kamba kupitia matundu ya ringi. Inasaidia mita kumi, kisha inajiviringisha kwenye breki. Sisi hatuifungi.

Saa 8:00 mchana

Ugali na sato. Gereji haifungwi, tunapokezana.

Saa 9:30 alasiri

Mzee mmoja amekuja na Harrier yake, mara anapiga simu ya video Canada na kutugeuzia. Mwanaye yuko Montreal, kwao ni asubuhi. "Shikamoo fundi. Gari yangu ni AWD, nina haja ya tairi za theluji kweli?" Quebec hilo halina mjadala, ni sheria kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Ila hata bila sheria: AWD, yaani kuvuta magurudumu yote, inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama wala kukata kona. Anunue manne, siyo mawili. Na apime upepo nje, gari likiwa limelala baridini. Tairi hupoteza karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za baridi, kwa hiyo lililojazwa 35 ndani ya gereji yenye nyuzi 20 litabaki na 28 hivi nje kwenye hasi 20. Taa ya upepo ikiwaka asubuhi, siyo lazima iwe pancha.

Mzee akacheka kwamba hapa tunayavua, kule wanayavaa kwa amri ya serikali.

Saa 11:00 jioni

Mwenye Premio karudi na hela ya manne, kakopa kwa shemeji. Matairi ya lami, 195/65R15 91H, tarehe za mwaka huu. Valvu mpya zote, kingo za ringi zimepigwa brashi ya waya kutoa kutu, sabuni ya kupandishia, upepo hadi tairi lilie "pa" mara mbili, ndani na nje, ishara kwamba limekalia ringi. Kisha 33. Nati zinakazwa kwa mkono kwanza, gari likiwa kwenye jeki, kwa mpangilio wa nyota, halafu linashushwa na kukazwa kwa spana yenye kipimo, Nm 103. Kubandika bunduki ya upepo hadi inyamaze ni uvivu unaokata boliti.

Manne ya theluji yamebaki kwetu. Mwenye daladala anayataka, tumemkatalia. Atakayeyachukua ni mwenye mkokoteni wa ng'ombe kutoka Kisesa: mwendo ni wa ng'ombe, mpira laini haumsumbui, na kashata zinashika kwenye mbuga. Tairi lenye nyufa halipandi hata mkokoteni. Linatobolewa tundu chini lisitunze maji ya mbu, linakwenda Mwaloni kufungwa ubavuni mwa boti.

Saa 12:30 jioni

Koki ya kompresa inafunguliwa tena, spana zinahesabiwa. Premio inatakiwa irudi ikishatembea kilomita 50 hadi 100 nati zikazwe upya, bure. Anayeishi Buhongwa na anafanya kazi Ilemela atazifikisha ndani ya siku mbili.