Bawabu Aliyechelewa Kufungua

Juzi binti yangu wa S.5 (kidato cha tano) kaniletea swali la fasihi: kwa nini katika Macbeth Shakespeare amlete mlevi wa kuchekesha pale pale mfalme Duncan anapokwisha kuuawa? Nikamjibu tulivyokuwa tukijibu sisi: ili watazamaji wapumue. Akaandika, akaenda zake. Mimi nikabaki na ile kambi ya jeshi ya Jinja kichwani.

Tulichukua Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi, ile ya 1968, tukaipeleka kambini kwa kuwa kule Kiswahili ni cha kila siku, si cha mtihani. Mazoezi, ugomvi wa mavazi, mfalme kushikwa na malaria, hayo tuyaache. Mimi nilikuwa bawabu, yule mlevi mwenyewe.

Hodi zinaanza Macbeth, muuaji wa mfalme, angali na damu mikononi. Macduff wetu, yule bwana anayekuja kumwamsha mfalme, alikuwa nyuma ya pazia, anagonga jerikeni tupu kwa mwiko: ngo! ngo! ngo! Nikatoka nayumbayumba, suruali nimeishika kwa mkono mmoja, kama askari wa kwata gadi, walinzi wa lango la kambi, aliyekurupushwa usingizini. Vijana hoi kwa kicheko. Bawabu anajifanya yuko lango la jahanamu, anakaribisha wenye dhambi mmoja mmoja, na geti lenyewe hafungui. Mwishowe nikapeleka mkono kwenye komeo. Ngo! ngo! Mzee mmoja wa mstari wa mbele akainuka.

"Kijana, usifungue!"

Ukumbi ukalipuka; walidhani ni sehemu ya mchezo. Nilikuwa karibu naye, nikaona alivyoikunja kofia yake mkononi. Hakuwa anatania. Pembeni yake akina mama wa rika lake nao kimya. Waliopitia miaka ya sabini, enzi za Idi Amin, hapa Uganda wanajua nani alikuwa akibisha hodi usiku.

Nikafungua. Ningefanyaje, na Macduff ana maneno yake ya kusema?

Mwandishi Mwingereza De Quincey aliandika mwaka 1823 kwamba hodi ile inaturudisha kwenye dunia ya watu baada ya mauaji kusimamisha kila kitu. Labda. Inategemea nani yuko nje.

Baada ya onyesho mzee akanifuata nyuma ya jukwaa. "Siku nyingine chelewa zaidi," akasema, akanitilia hela ya soda mkononi. Bawabu wa Shakespeare naye huomba bakshishi akishafungua, kwa hiyo nilipokea bila haya. Macduff akadai nusu, eti asingegonga nisingepata kitu.