"Haleluya" ya Handel: maneno, do na lile pumziko la mwisho

Kwaya nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe huiimba "Haleluya" ya Handel usiku wa Krismasi. Hakuna ubaya, ila mtunzi aliiweka mahali pengine. Oratorio yake ya Messiah (masimulizi ya dini yanayoimbwa bila kuigizwa) ina sehemu tatu, na wimbo huu unafunga sehemu ya pili, baada ya mateso, kifo, ufufuko na Injili kuenea duniani. Pasaka ndiyo siku yake. Mwalimu wa kwaya anayegawa nakala mara tu baada ya mwaka mpya atakuwa na muda wa kutosha.

George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, tarehe 23 Februari 1685. Alikwenda Italia kujifunza opera, kisha akahamia London, na mwaka 1727 akawa raia wa Uingereza. Kufikia 1741 opera za Kiitaliano alizokuwa akiziandaa London hazikuwa zikilipa tena. Charles Jennens akampa maneno ya Messiah, yote yametolewa katika Maandiko. Handel alianza kuandika tarehe 22 Agosti na kumaliza 14 Septemba, siku 24. Iliimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Wanawake waliombwa wasivae magauni yaliyotanuliwa kwa pete na wanaume waache panga nyumbani, ili ukumbi uchukue watu wengi zaidi, kwa sababu mapato yalikwenda kwa wafungwa wa madeni na hospitali mbili. Tangu 1750 ikawa inaimbwa kila mwaka kuchangia kituo cha kulelea watoto waliotelekezwa London. Kwaya inayoiimba ili kuchangia wodi ya wazazi au ada za yatima iko kwenye njia ileile ya mtunzi.

Kuna habari kwamba Mfalme George wa Pili alisimama wimbo huu ulipoimbwa, na ndiyo maana watu husimama; isisomwe kanisani kama historia. Maelezo ya zamani zaidi tuliyonayo ni barua ya mwaka 1780, karibu miaka 40 baadaye, na hakuna ushahidi kwamba mfalme alikuwepo. Watu wakitaka kusimama wasimame. Maneno yenyewe yanatosha kuwasimamisha.

Na maneno ndiyo mwanzo wa kazi. Yametoka Ufunuo 19:6, 11:15 na 19:16. Handel aliyawekea nota kwa Kiingereza, kwa hiyo anayeweka Kiswahili ahesabu silabi na aangalie mkazo unaangukia wapi. "Haleluya" haina shida: silabi nne kwa nota nne, na "lu", yenye mkazo, inaangukia pigo la tatu, ambalo ni zito. "Milele na milele" nayo inakaa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kiingereza, "for ever and ever", kina silabi sita, sisi tuna saba, na "le" ya kwanza ya kila "milele" inaangukia palepale penye mkazo wa asili. Kinachozidi ni silabi moja tu katikati. Gawa nota ya "and" mara mbili, uimbe "na mi" hapo. Usiguse nota nyingine.

"Mfalme wa Wafalme" inaogopwa bure. Kiingereza, "King of Kings", kina nota tatu, Kiswahili kina silabi saba ukihesabu ile "M" ya mwanzo. Lakini mstari huo unaimbwa kwa nota moja iliyonyooka, haupandi wala kushuka, kwa hiyo kuzigawa nota ndefu hakuharibu melodi hata kidogo. "Na Bwana wa Mabwana" nayo ina saba, basi mgawanyo wa kwanza unatumika tena. Pagumu ni "naye atamiliki" ("and He shall reign"): ukiibana yote, besi wanageuka wasoma tangazo. "Atatawala" ni nyepesi zaidi. Hakikisha "wa" inaangukia kwenye nota ya "reign".

Kwa wanaosoma sol-fa (nota za do, re, mi), do ni D. Sauti ya kwanza inaingia na do ya juu, so, la, so. "Ha" ya kwanza inashika pigo moja na nusu, na hapo ndipo kwaya nyingi huteleza: wanaipa pigo moja, "le" inawahi, wimbo unakuwa wa kukimbia. Piga makofi ya mapigo manne huku mkisema maneno bila kuimba, hadi ile nusu isikike. Haleluya za mwanzo ni tano: mbili za taratibu, mbili za haraka, ya tano imevutwa.

Kwenye kipimo (bar) cha 12, "kwa kuwa Bwana Mungu", sauti zote nne zinaimba mstari mmoja. Sisi tumezoea kupanga sauti papo kwa papo, na mtu wa sauti ya pili ataanza kuongeza terzi yake (nota ya tatu kutoka ile ya melodi) bila hata kujua. Mkatalie. Handel aliuacha mstari huo mtupu ili Haleluya zinazoujibu zisikike kwa upana wote.

Sehemu ya "atatawala milele na milele" inaanza na besi, wanafuata tenor, sauti ya pili, kisha sauti ya kwanza. Fundisha besi peke yao hadi waiimbe bila karatasi. Melodi ni ileile inayozunguka, kwa hiyo wengine wote wakae wasikilize, watakuwa wamejifunza nusu yake. Kosa la kawaida ni kila kundi kuendelea kupiga kelele baada ya kuingia kwa wenzao. Mwenye melodi ndiye awe juu, aliyemaliza ashuke.

Baada ya hapo sauti ya kwanza inapanda hatua kwa hatua na "Mfalme wa Wafalme" hadi G ya juu, yaani fa, na huko ndiko koo hukauka. Dawa yake ni kushusha ufunguo. Uma wa Handel wa kupimia sauti, wa mwaka 1751, bado upo na unatoa A ya mitetemo 422.5 kwa sekunde, sisi leo tunatumia 440. Tofauti ni pungufu kidogo ya nusu toni. Ukishusha kinanda nusu toni unakaribia kile alichokisikia yeye, na waimbaji wako wanapumua.

Wapiga tarumbeta nao watakushukuru, na huku kwetu wapo, hasa kwenye sharika za Moravian na za Kilutheri. Mwenye tarumbeta ya B flati wimbo ukiwa D anaandikiwa E, yenye shapu nne. Ukishusha nusu toni anaandikiwa E flati, yenye flati tatu, na vidole vinatulia. Ila baridi ya asubuhi ya Mbeya au Makete hushusha sauti ya shaba, wakati kinanda cha umeme hakishuki. Wapulize hewa ya joto ndani ya ala dakika kadhaa kabla ya kulinganisha sauti, wasilinganishe zikiwa za baridi. Timpani (ngoma kubwa za shaba) za Handel ni mbili tu, do na so; msipokuwa nazo, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda uzichukue.

Kinabaki kile kimya cha karibu na mwisho. Haleluya zinafuatana kwa kasi, ghafla kila kitu kinakatika, halafu inakuja Haleluya ya mwisho, nzito, polepole, kutoka fa kwenda do. Mtu mmoja akiendelea kuimba hapo, kanisa zima linamsikia. Wakati wa Pasaka mvua bado zipo, na ikinyesha juu ya bati kwaya haiwezi kukitegemea kimya kuwaongoza. Mwalimu auinue mkono juu na kuubakiza pale bila kutikisa. Wote wawe wameinua macho kutoka kwenye karatasi tangu Haleluya nne kabla. Pumzi ivutwe mkono unapoanza kushuka. Lifanyieni mazoezi pumziko hilo peke yake, mara nyingi, na mpiga kinanda akiwemo, maana mara nyingi ni yeye anayewahi.