Q bila U

Jana usiku tumecheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kuunda maneno kwa kete za herufi, mimi na dada mpaka saa saba, na gemu ya mwisho nikabaki na Q mkononi. Kama unacheza unajua inavyouma, kete ziko 100 na Q ni moja tu, ina pointi 10, na mwenzako akimaliza kete zake wakati we bado umeishika unakatwa hizo 10 alafu yeye anaongezewa. Mi muda wote nilikuwa nasubiri U manake najua kwa Kiingereza Q haiendi popote bila U, na U ziko 4 tu na zote zilikuwa zimeshashuka. Gemu imeisha ndo dada anaangalia kete zangu ananiambia, mdogo wangu, si ulikuwa na I hapo? Ungeweka qi. Ni neno la Kichina, maana yake pumzi, ile nguvu ya uhai inayopita mwilini, na linatamkwa kama "chi".

Sikulala. Nikachukua kamusi nikaanza kutafuta maneno yote ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U.

Kumbe hata hiyo Q na U kuandamana haikuwa ya Waingereza wenyewe. Zamani waliandika cw, yaani queen ilikuwa cwen, na quick ilikuwa cwic na maana yake ilikuwa "hai", sio "haraka". Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 waandishi wao wakaja na desturi ya Kifaransa ya kuandika qu, basi ikakaa mpaka leo. Kwahiyo ukikuta Q bila U ujue karibu kila mara hilo neno ni mgeni, limetoka mbali. Qwerty ni kati ya machache waliyojitengenezea wenyewe, zile herufi sita za kwanza za kibodi, mpangilio uliotoka kwa Christopher Latham Sholes na taipureta zake kule Marekani miaka ya 1870.

Sasa nikaanza kuandika kwenye daftari. Faqir. Qadi. Talaq. Waqf. Qibla. Niqab. Qasida. Nilipofika hapo nikaweka kalamu chini, nikayasoma kwa sauti. Fakiri, kadhi, talaka, wakfu, kibla, nikabu, kasida! Yaani haya maneno yanayoitwa adimu, ambayo wacheza Scrabble wanakaa kuyakariri kama fomula, mi nimeyasikia tangu sijajua kusoma. Tumechota kisima kimoja, Kiarabu, ila sisi hatuna Q kwenye alfabeti yetu kwahiyo tukaweka K, tukamalizia na irabu, neno likawa la nyumbani.

Na hapa ndo pamenigusa kabisa. Angalia talaq. Kwa Kiingereza ni ndoa ya Kiislamu kuvunjika na basi, haitoki hapo. Kwa Kiswahili talaka ni ya yeyote, waliofunga ndoa msikitini, kanisani, hata serikalini, wote wakiachana tunasema wamepeana talaka. Waqf kwa Kiingereza ni mali ambayo Mwislamu ameitoa kwa ajili ya dini au sadaka, haiuzwi wala hairithiwi. Sisi wakfu tunayo kwa maana hiyohiyo, alafu Wakristo nao wanawekea wakfu askofu, wanawekea wakfu kanisa jipya, na hakuna anayeshtuka. Faqir kwa Kiingereza ni mtawa aliyeacha mali za dunia, anachorwa amekaa juu ya misumari, wakati fakiri wetu ni mtu tu hana kitu, masikini wa Mungu. Kiingereza kimelipokea neno kikaliacha na Q yake kama mgeni ambaye hajavua viatu, anaheshimiwa lakini anakaa sebuleni. Kwetu limeingia mpaka jikoni. Mi napenda haya yetu, nasema ukweli, lakini ile Q nayo nimeanza kuipenda manake ukiiona tu unajua neno limepita wapi.

Na sio Kiarabu tu. Kuna qiviut, hilo limetoka kwa Wainuit wa nchi za barafu, ni ile sufu laini ya ndani ya mnyama mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi. Kuna qindarka, senti za zamani za Albania, 100 zilifanya leki moja, pesa yao. Kuna mbaqanga, muziki wa Afrika Kusini ambao jina lake ni la chakula cha mahindi kwa Kizulu, na Q yake wala sio K, ni ule mlio wa ulimi kubanduka kwenye kaakaa kama kizibo cha chupa. Nimejaribu kuutamka kitandani kama mara ishirini hivi.

Lililonikaa zaidi ni qanat. Ni njia ya maji ya Iran, wanachimba kisima mlimani mpaka wakute maji, alafu mfereji chini ya ardhi wenye mteremko mdogo sana, na juu yake visima vingine vimepangana mstari mrefu vya kuingiza hewa na kutolea udongo, maji yanatembea yenyewe bila pampu mpaka kijijini na jua la jangwani haliyafikii. UNESCO waliweka 11 kwenye urithi wa dunia mwaka 2016.

Daftari lina safu mbili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Kwa qanat nimeandika kwa penseli "mfereji wa chini kwa chini", nikafuta, nikaandika "kanati", nikaitamka mara mbili tatu. Nimeiacha hapo, dada akiamka nitamuuliza anaionaje.