Chupa ya mofini bado imejaa

Leo mchana, kwa mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, iko kabatini, bomba la kupimia bado kwenye karatasi yake. Wanaitunzia "siku mbaya".

Jamani, mofini haisubiri maumivu!

Ni kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni. Saa 4 usiku, daktari akiandika hivyo, dozi moja maradufu ili alale.

Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile mofini inapoanza, maana mofini hufunga choo. Kichefuchefu chake hupita baada ya siku chache. Choo kigumu hakiishi chenyewe.

Binti akanong'ona: "Amebakiza muda gani?"

Tarehe hakuna aijuaye. Muulizeni daktari: ni miezi, au wiki?

Mnaouguza, kwenu chupa iko wapi?