Betri iliyovishwa soksi

Wiki hii nimeshinda na simu sikioni. Nawatafuta vijana waliopata ufadhili wa Space Grant walipokuwa chuoni, niwaulize wamefikia wapi. Ndiyo kazi yangu huku Marekani: tathmini. Mpango huu wa NASA, shirika la anga la Marekani, una miungano 52 ya vyuo, mmoja kila jimbo, pamoja na mji mkuu Washington na Puerto Rico, na umekuwepo tangu 1989. Pesa ni za walipa kodi, kwa hiyo lazima ijulikane zimezaa nini.

Fomu yangu inauliza kazi ya kwanza baada ya kuhitimu. NASA? Kampuni ya anga? Masomo ya juu? Ualimu? Natia alama, napiga namba inayofuata.

Jumanne nikampata mwalimu wa sekondari wa mji mdogo. Chuoni alikuwa kwenye kundi la maputo. Puto hilo hujazwa heliamu na kuning'inizwa boksi jeupe jepesi, kama lile la kubebea samaki na barafu, lenye kamera, kipimajoto na kifaa cha GPS. Hupanda kilomita 30 hivi. Hewa ikizidi kuwa nyepesi puto huvimba mpaka likapasuka, boksi likashuka na parachuti. Jua lilipopatwa tarehe 8 Aprili 2024, yeye na wanafunzi wake walirusha la kwao.

Boksi walilikuta kwenye shamba ambalo halijalimwa. Msichana mmoja, ambaye mwaka mzima hakuwahi kunyoosha mkono darasani, ndiye aliyetangulia mbio. Alifungua boksi akatoa betri aliyoivisha soksi ya mdogo wake ili isizimike kwa baridi ya huko juu. Ilikuwa bado inafanya kazi. Akaishika kwa mikono miwili, hataki kuirudisha.

Nikamtilia mwalimu alama kwenye "ualimu". Basi, fomu haina nafasi ya msichana yule.

Hili limeniuma kwa sababu mimi ni mtu wa Malindi. Nimekua nikiyaona majukwaa ya kurushia roketi ya San Marco yamesimama baharini pale Ngomeni, ambako satelaiti ya NASA iitwayo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Babu akivua upande huohuo. Shuleni hakuna aliyetutoa darasani hata siku moja akatuambia kile kilikuwa nini. Nilikuja kuisoma habari ya Uhuru maktabani, ugenini, nina miaka 24. Nani ataniambia mwalimu mmoja ni tija ndogo kuliko mhandisi mmoja?

Nimemwandikia msimamizi wangu nikimwomba tuwapigie walimu tena baada ya miaka mitano, tuwaulize habari za wanafunzi wao, na majibu yaingie kwenye ripoti yenyewe, si kwenye viambatisho. Atajibu Jumatatu. Mimi kesho nampigia tena yule mwalimu. Nataka kujua msichana wa soksi ameomba kusoma nini.